Fauré, Franck, Ravel au Chausson: ipi ibebe jioni yako?

Umeshakata shauri: jioni hii ni ya muziki wa Kifaransa, nyuzi na kinanda (piano). Wageni wamealikwa, au pengine kumbi mbili zimepanga onyesho usiku mmoja na hujui ukate tiketi ya wapi. Kinachokukwamisha ni ile kazi kubwa ya usiku, ile ambayo watu wataondoka nayo kichwani. Majina manne hayakosi kutajwa: Kwarteti ya Piano ya kwanza ya Gabriel Fauré, Kwinteti ya Piano ya César Franck, Trio ya Piano ya Maurice Ravel, na Concert ya Ernest Chausson. Ukizibana mbili katika usiku mmoja, ya pili itasikilizwa na masikio yaliyochoka. Inabidi uchague.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikialika watu nyumbani kuusikiliza muziki huu, wakati mwingine wanane, wakati mwingine wawili tu. Zote nne nimeziweka zaidi ya mara moja na zote nazipenda. Nimeona pia kazi ile ile ikiwashika watu usiku mmoja na kupwaya usiku mwingine. Muziki haukubadilika. Waliobadilika ni watu waliokaa vitini, saa, na chumba.

Kwa anayeanza: muziki wa chumbani ni ule wa wapigaji wachache, kila mmoja na noti zake, bila mtu wa kusimama mbele na kijiti. Trio ni ya wapigaji watatu, kwarteti wanne, kwinteti watano. Sikio lililolelewa na taarabu tayari linaijua fidla, na huenda linaijua chelo. Viola hukaa katikati yao: ni kubwa kidogo kuliko fidla, na sauti yake ni nzito zaidi, yenye kivuli.

Vipimo vyangu

Vipimo vyangu ni vinne: urefu na uzito wa kazi, namna kinanda na nyuzi vinavyogawana nafasi, mlango ambao msikilizaji mgeni anaweza kuingilia, na chumba na vifaa ulivyo navyo.

Cha pili ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Ndani ya kinanda, nyundo hupiga waya, na sauti huanza kufa pale pale inapozaliwa. Fidla hukokotwa kwa upinde, kwa hiyo sauti yake inaweza kuendelea kukua baada ya kuzaliwa. Sauti za kinanda zimefungwa na fundi kabla hujaketi. Mpiga fidla huitafuta yake kwa kidole, kila noti. Viumbe hawa wawili hawachanganyiki kwa urahisi. Kila mtunzi alitafuta njia yake ya kuwakalisha chumba kimoja, na njia hiyo ndiyo hasa utakayokuwa ukiisikiliza.

Zilikotoka

Mwaka 1871, Paris ikiwa imetoka kushindwa vita na Waprusi, Camille Saint-Saëns na Romain Bussine walianzisha Société Nationale de Musique ili watunzi wa Kifaransa wapate pa kusikika. Hadi hapo mji ulikuwa wa opera, na aliyetaka muziki wa chumbani alipewa zaidi wa Wajerumani. Kwa chama hicho, tarehe 17 Januari 1880, ilisikika kwa mara ya kwanza kwinteti ya Franck, na tarehe 14 Februari mwaka huo huo kwarteti ya Fauré. Siku 28 tu kati yao! Aliyekuwa mwanachama mwaka ule alizisikia zote mbili zikiwa mbichi.

Chausson alikuwa mwanafunzi wa Franck. Concert yake aliitunga kati ya 1889 na 1891, akamtunukia mpiga fidla Mbelgiji Eugène Ysaÿe, na ikapigwa kwanza Brussels mwaka 1892. Ravel alikuja baadaye, naye alikuwa mwanafunzi wa Fauré. Trio yake ni ya 1914.

Urefu na uzito

Trio ya Ravel ndiyo fupi kidogo kuliko zote, kama dakika 27, ikifuatwa na kwarteti ya Fauré, kama nusu saa. Franck huchukua kati ya dakika 35 na 38. Chausson hufika 40. Hesabu hizi hubadilika kwa wapigaji, lakini si kwa mengi.

Dakika hazisemi kila kitu. Fauré ana sehemu nne na kila moja inakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Chausson naye ana nne, na ya pili ni nyepesi kabisa, kwa hiyo dakika zake 40 hazilemei kama unavyodhania. Franck ana tatu tu, na hata ile ya katikati, ambayo ni ya polepole, haikuachii. Ravel ni mfupi lakini umeshonwa kwa mishono ya karibu karibu. Hakuna pa kusinzia, na mtu aliyekuja na akili iliyochoka atapitwa na mengi.

Kinanda na nyuzi vinavyogawana nafasi

Kwa Fauré, wanazungumza. Kazi inafunguka kwa nyuzi tatu kusema wimbo mmoja kwa pamoja, kwa nguvu, na kinanda kinajibu nyuma ya pigo, kama mtu anayesema "naam, naam" mwenzake akihadithia. Baadaye wanabadilishana: wimbo unahamia kwenye kinanda na nyuzi zinakuwa wasikilizaji. Vidole vya mpiga kinanda vinakimbia karibu muda wote, lakini ni mbio za maji yanayopita chini ya daraja. Hayagombanii wimbo. Fauré mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye kinanda usiku ule wa kwanza, na unasikia kazi iliyoandikwa na mtu aliyejua lini akae kimya. Sehemu ya mwisho hakuridhika nayo, akaiandika upya mwaka 1883. Hiyo mpya ndiyo tunayoisikia leo.

Kwa Franck ni pande mbili. Nyuzi nne zinaingia kwanza, fidla ya kwanza ikishuka kwa kishindo kama mtu aliyefungua mlango kwa hasira. Zinanyamaza. Kinanda kinajibu peke yake, taratibu, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. Nyuzi zinarudi, kinanda kinajibu tena, na kuanzia hapo kazi nzima inaishi kwenye mvutano huo, ikipanda hadi vyombo vyote vitano vinapiga kama okestra. Franck alikuwa mpiga ogani wa kanisa la Sainte-Clotilde, Paris, tangu 1858, na ogani inasikika humu, sauti zikitandikwa juu ya sauti. Shangazi yangu alipoisikia mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, hawa wanagombana?" Nikamwambia, "Ndiyo, shangazi. Ngoja uone wanavyofika mwisho." Akavuta kiti karibu na spika.

Usiku wa kwanza mpiga kinanda alikuwa Saint-Saëns, ambaye Franck alikuwa ameitunuku kazi hiyo kwake. Inasimuliwa kwamba alipomaliza aliondoka jukwaani na kuziacha karatasi za muziki pale juu ya kinanda, zikiwa na jina lake. Wapo wanaoisikia kazi hii hadi leo wakahisi kama yeye: imezidi. Mimi si mmoja wao, lakini nawaelewa, na nakushauri uwafahamu wageni wako kabla ya kuiweka.

Kwa Ravel kila mmoja amepewa nyumba yake. Alijua kwamba katika trio kinanda chaweza kuwameza wawili, kwa hiyo mara nyingi aliziweka fidla na chelo mbali, fidla juu na chelo chini, zikiimba wimbo mmoja, na kinanda kikapita katikati. Matokeo yake ni kwamba watu watatu wanasikika kama wengi, na bado humpotezi hata mmoja. Sikiliza namna chelo inavyopanda juu sana, hadi unaidhania viola.

Kwa Chausson kuna wageni wa heshima wawili, fidla moja na kinanda, na kwarteti ya nyuzi imewazunguka. Jina Concert alilirudisha kutoka kwa Wafaransa wa zamani, likiwa na maana ya watu wachache wanaopiga pamoja. Si konseto ya kumshindanisha mpigaji mmoja na okestra. Kinanda kinafungua kwa noti tatu nzito, na hizo tatu ndizo mbegu ya sehemu nzima. Fidla ya mbele ikiingia, unaelewa kwa nini iliandikwa kwa Ysaÿe: inaimba mistari mirefu, ya pumzi ndefu, huku ile kwarteti ikisogea mbele na kurudi nyuma. Kuna nyakati kwarteti haina mengi ya kufanya, na ukiwa unapenda usawa wa mazungumzo hilo litakukera kidogo.

Mlango wa kuingilia

Mgeni asiambiwe "sikiliza tu". Mpe kitu kimoja cha kushika.

Kwa Fauré, mlango ni sehemu ya pili. Nyuzi zinadonolewa kwa vidole, kwa sauti ya chini, kisha kinanda kinaingia na wimbo mwepesi unaorukaruka juu yake. Hata mtoto anaufuata. Sehemu ya tatu, ya polepole, ni ya mtu mzima zaidi: chelo inaanza, viola na fidla zinajiunga, kila mmoja akipanda ngazi ile ile ya noti chache. Fauré aliianza kazi hii mwaka 1876, na mwaka 1877 uchumba wake na Marianne Viardot ulivunjika. Watu wengi wanausikia uchumba huo katika sehemu hii. Mtunzi mwenyewe hakuhitaji kusema. Huzuni yake haipigi kelele, ndiyo sababu inakaa.

Kwa Chausson, mlango ni Sicilienne, sehemu ya pili tena, ya dakika nne hivi, inayobembea kama dau lililofungwa bandarini. Ukimwekea mtu hiyo peke yake ataomba kazi yote. Muonye tu kwamba inayofuata, Grave, ni giza: kinanda kinatambaa nusu sauti kwa nusu sauti, na fidla inaomboleza juu yake kwa muda mrefu.

Franck hana mlango mdogo. Njia ninayoitumia ni kumwambia mgeni akariri wimbo mmoja wa sehemu ya kwanza, ule laini ambao kinanda kinauleta baada ya ghasia za mwanzo, kisha angoje. Utarudi katika sehemu zinazofuata, na ukijitokeza tena karibu na mwisho kabisa, mtu aliyeukariri hupata msisimko ambao asiyeukariri hana.

Ravel nitakaa naye, kwa sababu hapa msomaji wa Kiswahili ana urithi wa kumsaidia. Sehemu ya pili inaitwa Pantoum. Jina linatoka kwenye pantun, ushairi wa Wamalay uliowafikia washairi wa Ufaransa karne ya 19. Katika umbo lile walilolichukua Wafaransa, mshororo wa pili na wa nne wa ubeti mmoja hurudi kuwa wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata. Ravel ana mawazo mawili, moja kavu na la haraka, jingine laini kidogo, na anayasokota moja ndani ya jingine. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alikuwepo nilipoieleza. Akaniambia, "Sasa hilo si geni kwetu. Sisi tuna pindu." Ni kweli kwamba si kitu kile kile: pindu hukishika kipande cha mwisho cha ubeti na kukianzishia ubeti mpya. Lakini sikio lililozoea kungoja neno lirudi liko tayari. Akasema, "Hebu irudishe mwanzo." Mara ya pili alikuwa na kidole juu ya mkono wa kiti, akigonga kila wazo la kwanza liliporudi, na hakukosea. Katikati ya sehemu hiyo kinanda kinaanza kuhesabu nne za polepole huku fidla na chelo zikiendelea na tatu zao za haraka, hazina habari. Mwalimu aliacha kugonga. Alikuwa amefumba macho.

Sehemu ya kwanza ya Ravel nayo inahesabika kwa makofi: tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, tatu. Mama yake alikuwa Mbasque, wa watu wa mpakani mwa Ufaransa na Uhispania, na mwendo huo una harufu ya ngoma za kwao. Ya tatu, Passacaille, ni rahisi kuliko zote kuifuata: wimbo mmoja unaanza chini kabisa kwenye kinanda, unapokewa na chelo, kisha fidla, unapanda hadi kilele, kisha unashuka kwa njia ile ile hadi kinanda kinabaki peke yake mle mle chini kilipoanzia. Kiangazi cha 1914 Ravel alikuwa Saint-Jean-de-Luz, mji wa pwani ya Ufaransa, akiitunga trio hii. Vita vilipotangazwa Agosti aliimaliza mbio mbio ili akajiandikishe jeshini, na baadaye akamwandikia mtunzi mwenzake Stravinsky kwamba alifanya kazi ya miezi 5 kwa wiki 5. Jeshi lilimkataa kwa uzito mdogo wa mwili. Mwaka 1916 alikuwa dereva wa lori karibu na uwanja wa vita wa Verdun.

Chumba na vifaa

Hapa wengi huharibikiwa. Franck ameandika noti za kunong'ona na noti za kupiga kelele katika ukurasa mmoja. Ukiwa na feni ya dari inayozunguka, au jenereta nje, sehemu ya pili itamezwa, utaongeza sauti, na sehemu ya tatu itakapopanda jirani atagonga ukuta. Imenitokea. Sasa nazima feni, nafungua madirisha, na nawaomba majirani radhi mapema. Spika ndogo ya simu humwonea Franck kuliko wote, na Chausson pia, kwa sababu sauti za vyombo sita zinasongamana zikawa uji.

Ravel anastahimili spika ndogo zaidi, maana vyombo viko mbalimbali, ila mwanzo wa Passacaille uko chini sana na spika isiyo na besi haitaupata. Fauré ndiye msamehevu: hata kwenye redio ya jikoni utaelewa anasema nini.

Ukumbini mambo hubadilika. Fauré na Ravel huhitaji chumba kidogo na kiti cha karibu, usikie upinde ukigusa uzi. Franck hujaza ukumbi mkubwa bila shida. Chausson huonekana mara chache kwenye ratiba, kwani inabidi kuwa na kwarteti nzima pamoja na fidla nyingine hodari na mpiga kinanda asiyeogopa. Ukiiona imetangazwa, hilo peke yake ni sababu ya kufikiria mara mbili kabla ya kwenda kwingine.

Cha kufungulia

Kazi kubwa haipendi kuingia chumba baridi. Sonata za Claude Debussy ni fupi na zinafaa: ya chelo na kinanda ya 1915, kama dakika 12, au ya fidla na kinanda ya 1917, dakika 13 hivi. Alipanga sita, akamaliza tatu, akafariki Machi 1918. Sonata ya fidla ya Franck ya 1886, zawadi ya harusi ya Ysaÿe, ni tamu mno, lakini inakaribia nusu saa na itakula nguvu ya kazi kuu. Iwekee usiku wake.

Kwa hali yako

Wageni mchanganyiko, wengine hawajawahi kuusikia muziki huu, na chakula kinasubiri: Fauré, na uwatajie sehemu ya pili mapema.

Watu wachache wenye kupenda mashairi, au wapiga ngoma wanaofurahia hesabu: Ravel. Eleza Pantoum kwa dakika mbili, usizidi, na waruhusu kuomba irudiwe.

Watu waliozoea muziki mkubwa, wasioogopa hisia zikimwagika, na chumba chenye spika nzuri: Franck. Usimweke usiku wa watu waliotoka kazini wamechoka. Msiba ukiwa karibu pia mwache, kwa sababu hampi mtu pa kuegemea. Hapo Passacaille ya Ravel au sehemu ya tatu ya Fauré zitakaa naye vizuri zaidi.

Mpenzi wa fidla, hasa aliyekulia taarabu na anayengoja chombo kiimbe: Chausson, Jumamosi, mkiwa na muda wote. Kata baada ya Sicilienne mnywe chai, kisha rudini kwa Grave. Wapo watakaosema kazi haikatwi. Sebuleni kwangu hukatwa, na watu husikiliza nusu ya pili kwa masikio mapya.

Ukiwa na tiketi mbili mkononi na bei moja, angalia ukubwa wa ukumbi kwanza: mdogo, nenda kwa Fauré au Ravel, mkubwa, Franck.

Na ukiwa peke yako usiku, huna wa kumridhisha, weka Ravel. Zima feni kabla ya Passacaille, ungoje kinanda kianze kule chini.